Majibu Yamerudi Safi, Mgonjwa Bado Anaumwa

"Vipimo vyako viko safi." Maneno hayo husemwa kwa nia njema, na kwa wagonjwa wengi ndiyo habari waliyokuwa wakiiombea. Lakini yupo mgonjwa ambaye yakimfikia humwangusha. Vidole vyake vimevimba kwa miezi mitatu, asubuhi hawezi kufungua kifuniko cha chupa mpaka saa nzima ipite, anaamka amechoka kama hakulala, na sasa anaambiwa damu yake haina kitu. Aliingia kwa daktari akiwa na maumivu. Anatoka akiwa na maumivu yale yale, na juu yake ameanza kuitilia shaka akili yake mwenyewe.

Nina hoja moja ya kuitetea hapa. Katika magonjwa ya kinga ya mwili kujishambulia yenyewe, kipimo cha damu kisichoonyesha kitu kina haki ya kupunguza dhana ya daktari, wakati mwingine kuipunguza sana, wakati mwingine kuiacha karibu palepale ilipokuwa. Haki ya kufunga faili hakina. Anayelifunga faili kwa karatasi ya maabara peke yake amekipa kipimo kazi ambayo hata waliokigundua hawakukipa.

Magonjwa haya ni mengi na sura zake ni nyingi, ila yanafanana kwa hili: askari wa mwili wamemgeukia mwenye mwili. Kikulacho ki nguoni mwako. Maabara haiwezi kuyaona mashambulizi yenyewe yakitokea kwenye kiungo, figo au neva, kwa hiyo hutafuta dalili zake damuni, hasa kingamwili, zile protini ambazo kwa kawaida hulenga vijidudu lakini hapa zimelenga sehemu za mwili. Kwa baridi yabisi ya rumatoidi, ambapo kinga hushambulia viungo, alama ya kwanza kupatikana ni kingamwili hii tunayoiita RF. Erik Waaler wa Norway aliieleza mwaka 1940, na mwaka 1948 Harry Rose na wenzake huko New York wakaifikia kwa njia yao. Miongo kadhaa baadaye kikaja kipimo cha kingamwili nyingine, anti-CCP, ambacho huwasingizia watu wachache zaidi. RF yenyewe huweza kuonekana kwa mwenye homa ya ini aina ya C, mwenye kifua kikuu, au mzee asiyeumwa chochote. Lakini hata ukivitumia vyote viwili, katika kila wagonjwa 100 wa kweli wapo 20 hadi 30 ambao damu yao haitoi ishara.

Watu wengi wakisikia hivyo husema kipimo ni kibovu. Si kibovu. Kinahitaji tu kusomwa pamoja na kile kilichojulikana kabla ya sindano kuingia mshipani, na hapo ndipo mambo huharibika.

Hebu tuhesabu. Chukua wagonjwa 100 waliofika kliniki ya viungo wakiwa na uvimbe unaoshikika kwenye vidole na vifundo vya mikono, viungo vinavyokakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya saa moja, na hali hiyo imedumu wiki nyingi. Tuseme 60 kati yao wana baridi yabisi ya rumatoidi. Kipimo chetu kinawanasa wagonjwa 70 katika kila 100 na kinawasingizia watu 5 katika kila 100 wasioumwa. Viwango hivyo haviko mbali na vya vipimo tulivyo navyo. Katika wale 60, kitawanasa 42 na kuwaacha 18. Katika wale 40 wasio na ugonjwa huu, 38 watapata majibu safi. Basi watu 56 wataondoka na karatasi safi, na 18 kati yao wanao ugonjwa. Karibu mmoja katika kila watatu.

Sasa kipeleke kipimo kilekile kwa watu 1,000 wanaolalamikia uchovu tu, hakuna kiungo kilichovimba, na kati yao wenye ugonjwa ni 50. Kitawakosa 15, huku watu 900 na ushee wakipata majibu safi. Hapo mwenye karatasi safi ana uwezekano wa kuwa mgonjwa usiofika 2 katika 100, na daktari anayemwambia aondoe wasiwasi kuhusu ugonjwa huu anasema kweli.

Maabara ni ileile, karatasi ni ileile, na maana ni mbili zisizokaribiana hata kidogo. Kilichozitenganisha ni mikono ya daktari iliyobonyeza vidole vya mgonjwa na masikio yaliyosikiliza asubuhi zake zilivyo. Ndiyo maana inaniuma kusikia kwamba mtu ametumwa maabara kabla hajaguswa. Majibu yakirudi, hakuna mtu mle ndani anayejua yasomwe kwa uzito gani.

Historia ya tiba imeshatuonya kuhusu damu "safi", na kisa ninachokirudia kila mjadala huu unapozuka ni cha miastenia. Ni ugonjwa wa misuli kuishiwa nguvu kadiri inavyotumika: kope zinaanguka jioni, sauti inafifia katikati ya mazungumzo, tonge linagoma kooni. Katika miaka ya 1970 watafiti walibaini kwamba wagonjwa wengi wana kingamwili zinazoshambulia kipokezi cha asetilikolini, mahali ambapo neva huuamuru msuli ujikaze. Kipimo kilichotokana na ugunduzi huo ni miongoni mwa vipimo vya kuaminika sana katika magonjwa haya yote. Hata hivyo, kwa wagonjwa 100 ambao ugonjwa umeenea mwilini, 15 hivi hakiwaoni. Kwa wale ambao umeishia machoni tu, kinawakosa karibu nusu.

Hao 15 walikuwa na nini? Walikuwa na dalili zile zile, na baadhi yao walipata nafuu damu yao iliposafishwa kwa mashine kwa kuondolewa utegili, yaani majimaji ya damu, uliobeba kingamwili, jambo ambalo lisingekuwa na maana kama damuni hamkuwa na kitu. Mwaka 1986 kundi la Oxford, wakiwemo Angela Vincent na John Newsom-Davis, likatoa ushahidi ambao ni vigumu kuubishia: walichukua kingamwili kutoka kwa wagonjwa ambao kipimo hakikuwaona, wakazidunga kwa panya, na mawasiliano kati ya neva na misuli ya panya yakadhoofika. Damu iliyorudi safi kutoka maabara ilikuwa na uwezo wa kumdhoofisha kiumbe mwingine. Kilichomo kilikuwa hakijapata jina.

Jina lilipatikana mwaka 2001, kingamwili zilipogunduliwa kuwa zinalenga protini nyingine kwenye msuli, inayoitwa MuSK. Mwaka 2011 ikaongezeka ya tatu, LRP4. Katikati ya hapo ikaonekana pia kwamba baadhi ya walioitwa safi walikuwa na kingamwili zilezile za kwanza kabisa, za kipokezi cha asetilikolini, ila zilikuwa zinashika pale tu vipokezi vinapokaa vimesongamana juu ya seli kama vinavyokaa mwilini; kipimo cha kawaida, kinachotumia vipokezi vilivyotolewa kwenye seli, hakikuweza kuzidaka.

Fikiria mtu aliyeanza kuugua mwaka 1986 na akawa mmoja wa hao wa MuSK. Mwaka 2001 mwili wake haukubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni maabara. Na jina hilo jipya lina kazi, kwa sababu wagonjwa wa MuSK mara nyingi hushambuliwa zaidi koo, shingo na misuli ya kupumua, na vidonge vinavyowasaidia wenzao wa miastenia ya kawaida huwasaidia kidogo au huwasumbua. Kwa hiyo kwa miaka 15 walikuwepo watu wenye ugonjwa wa kweli, wa hatari, ambao damu yao ilisomwa na kutangazwa haina kitu. Daktari aliyewaamini kwa kuzitazama kope zao na kupima umeme wa misuli yao alikuwa sahihi. Aliyeamini karatasi alikosea, japo karatasi yenyewe haikuwa imesema uongo.

Lupasi, ugonjwa ambao kinga huweza kushambulia ngozi, viungo na figo, nayo ina funzo lake. Zamani kipimo cha ANA, yaani kingamwili zinazolenga viini vya seli, kilifanywa kwa kutumia vipande vya viungo vya panya, na tishu hizo zina uhaba wa protini iitwayo Ro. Mgonjwa ambaye kingamwili zake zinaifuata Ro pekee alirudi nyumbani bila jibu. Maabara zilipohamia kwenye seli za binadamu zinazooteshwa, zile za HEp-2, idadi ya wagonjwa wa "lupasi isiyo na ANA" ikashuka sana. Leo kipimo hicho kimekuwa kikali kiasi kwamba vigezo vya kimataifa vya mwaka 2019 vinaitaka ANA ya angalau 1:80, yaani inayoonekana hata damu ikizimuliwa mara 80, kama mlango wa kuingilia, kwa kuwa takriban wagonjwa 98 katika 100 wanayo. Hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa pili: kwa lupasi, ANA isiyoonekana kwenye kipimo cha kisasa ni habari nzito, na daktari anayeshuku lupasi hata hivyo anahitaji sababu zenye nguvu. Kosa ni kuuchukua uzito huo na kuupandisha juu ya ugonjwa mwingine. ANA safi haisemi lolote kuhusu mgongo unaokakamaa usiku, wala kuhusu kidole cha mguu kilichovimba chote kwa mtu mwenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi kutoa magamba.

Wakati mwingine hata damu si mahali pa kutafuta. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa wa ubongo unaosababishwa na kingamwili dhidi ya kipokezi cha NMDA. Wengi wa wagonjwa wake ni vijana wa kike wanaoanza ghafla kuona na kusikia mambo yasiyokuwepo, kisha degedege, kisha kupoteza fahamu. Wengi wao hupelekwa kwanza wodi ya magonjwa ya akili. Ukipima damu pekee, unamkosa karibu mgonjwa mmoja katika kila saba. Maji ya uti wa mgongo ndiyo yanayotoa jibu.

Sababu nyingine za kukosa ni za kawaida zaidi na zinaepukika. Mtu anayeshukiwa kuwa na siliaki, ugonjwa ambao gluteni ya ngano huuchochea mwili kushambulia utumbo wake, akiacha ngano wiki kadhaa kabla ya kupimwa, kingamwili hushuka na kipimo hukosa. Wengine wana upungufu wa kuzaliwa wa IgA, aina ileile ya kingamwili ambayo kipimo hicho huitegemea, na upungufu huo huonekana zaidi kwa wenye siliaki kuliko kwa watu wengine. Ndiyo maana maabara makini hupima kiwango cha IgA yote kwa pamoja. Steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, zikianzishwa mapema zinaweza kuufifisha uvimbe kabla kinyama cha kuchunguzwa hakijachukuliwa. Haya daktari huyajua. Mgonjwa ndiye anayepaswa kuambiwa.

Sasa nifike mahali ambapo nadhani mfumo wenyewe unawakosea hawa watu, achilia mbali daktari mmoja mmoja.

Mwaka 2010 vyama viwili vikubwa vya madaktari wa viungo, cha Marekani na cha Ulaya, vilitoa vigezo vipya vya baridi yabisi ya rumatoidi. Mgonjwa hupewa pointi, na akifikisha 6 kati ya 10 huhesabiwa anao. Viungo vidogo 4 hadi 10 vilivyoathirika vinampa pointi 3. Dalili zikidumu wiki 6 au zaidi, pointi 1. CRP au ESR, vipimo vya damu vya kuonyesha uvimbe mwilini, ikipanda, pointi 1. Kingamwili zikionekana, hata kwa kiwango cha chini, pointi 2. Kwa kiwango cha juu, 3.

Mpe pointi mgonjwa mwenye viungo vidogo 8 vilivyovimba, CRP iliyopanda na miezi mitatu ya mateso: 3, na 1, na 1. Ana 5. Mwenzake mwenye viungo hivyohivyo, CRP hiyohiyo na muda uleule, ambaye RF yake imepanda kidogo tu, ana 7. Yule wa kwanza, ili kufika 6, anahitaji zaidi ya viungo 10 vilivyoathirika. Au asubiri mpaka eksirei ionyeshe mifupa iliyolika kwa namna ya ugonjwa huu, ambapo hatahitaji pointi tena. Kwa maneno mengine, njia iliyobaki wazi kwake ni kuumwa zaidi au kuharibika kwanza.

Mwaka 2017 watafiti wa Norway walichapisha jambo lililowashangaza wengi: kati ya wagonjwa wapya waliokubaliwa kwa vigezo hivyo, wasio na kingamwili walikuwa na uvimbe mwingi kuliko wenye kingamwili. Kwa miaka mingi ugonjwa huo bila kingamwili ulisemwa kuwa ni wa upole. Mimi naona maelezo yako kwenye hesabu yenyewe: mlango wao umewekwa juu zaidi, hivyo wanaoupita ni wale waliokwishazidiwa. Wenye viungo 8 wamebaki nje, hawahesabiwi popote.

Waliotunga vigezo hivyo hawakukusudia hayo. Vilitungwa ili watafiti wa nchi mbalimbali wakusanye wagonjwa wanaofanana kwenye tafiti zao, na wenyewe walieleza kwamba ni vigezo vya kupanga makundi. Daktari aliye mbele ya mgonjwa mmoja ana ruhusa kamili ya kusema "huu ni ugonjwa huo" kwa pointi 5. Lakini namba ikishachapishwa hupata maisha yake. Huingia kwenye fomu, huingia kwenye masharti ya nani apewe dawa ya gharama, na hatimaye huingia kichwani mwa daktari kijana aliyechoka, mwenye foleni ndefu nje ya mlango.

Kwamba inawezekana kufanya vingine, ushahidi upo ndani ya fani hiyohiyo. Verna Wright na John Moll wa Leeds walionyesha mwaka 1973 kwamba baridi yabisi inayoandamana na soriasisi ni ugonjwa unaojitegemea, na kwamba kwa kawaida RF haionekani. Vigezo vyake vya mwaka 2006, viitwavyo CASPAR, humpa mgonjwa pointi kwa sababu RF yake haipo. Kule damu safi ni ushahidi wa kumtambua mgonjwa. Kwa ugonjwa wa Sjögren, ule wa ukavu wa macho na mdomo aliouchambua daktari wa macho wa Sweden Henrik Sjögren mwaka 1933, vigezo vya 2016 vimeweka njia ya pili iliyo wazi: asiye na kingamwili za Ro, kama walivyo pengine watatu hadi wanne katika kila kumi, anaweza kuchukuliwa kinyama kidogo ndani ya mdomo wa chini, na makundi ya seli za kinga yakionekana kwenye vitezi vya mate hupata pointi 3, sawasawa na ambazo kingamwili zingempa. Inauma kidogo na ganzi ya mdomo huweza kubaki kwa muda. Lakini ni njia, na mgonjwa anastahili kuambiwa kwamba ipo.

Ugonjwa wa uti wa mgongo kukakamaa ndio unaonikasirisha kuliko yote. Huu hauna kingamwili ya kupima, kwa hiyo kumpima RF na ANA mtu mwenye dalili zake ni kuuliza swali ambalo halimhusu. Dalili zenyewe zinajulikana vizuri: maumivu ya mgongo yaliyoanza polepole kabla ya miaka 45, yanayomwamsha mtu nusu ya pili ya usiku, yanayozidi akikaa na kupungua akijishughulisha. CRP inaweza kuwa ya kawaida. Kinasaba cha HLA-B27 husaidia, lakini wengi wenye nacho hawaugui kamwe, na katika jamii nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ni nadra sana hata kwa wanaougua, hivyo kukikosa si kinga. Eksirei ya nyonga huchukua miaka kubadilika. MRI huonyesha uvimbe mapema. Pamoja na hayo yote kujulikana, kutoka dalili ya kwanza mpaka mgonjwa kupewa jina la ugonjwa wake hupita kwa wastani miaka kama 7. Ni umri wa kusoma na kuanza kazi, na mtu anaumaliza akiitwa mvivu wa kuamka.

Kuna wanaosema hoja kama yangu itafungua mlango kwa kila mwenye uchovu kudai ana ugonjwa wa kinga. Pingamizi hilo ni la haki na silipuuzi, kwa sababu upande huo nao una majeruhi. Watu wazima wasioumwa, zaidi ya mmoja katika kila kumi, wana ANA ya 1:80. Jeshi la Marekani lina hazina ya sampuli za damu za askari, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliangalia sampuli za zamani za watu 130 waliokuja kuugua lupasi: 115 kati yao walikuwa na kingamwili kabla ya kutambuliwa, wengine kwa zaidi ya miaka 9. Kingamwili na ugonjwa hutembea kila mmoja kwa mwendo wake, na anayeikamata karatasi yenye ishara bila kumtazama mtu anakosea kama yule anayeikamata karatasi safi.

Dawa zenyewe si za kuchezea. Steroidi huleta kisukari, huisaga mifupa, huleta mtoto wa jicho, huamsha kifua kikuu kilicholala. Na kuna desturi mbaya ya kumpa mtu steroidi "tuone," kisha akipata nafuu inasemwa imethibitika. Haijathibitika kitu, steroidi humpa nafuu ya muda karibu kila mwenye uvimbe wa aina yoyote, hata mwenye saratani ya damu, na huko nafuu hiyo huficha ushahidi uliokuwa ukihitajika. Homa ya ini, virusi vya UKIMWI, kaswende, chikungunya, matatizo ya tezi ya shingo, saratani iliyojificha: vyote hivi vinaweza kuvaa sura ya ugonjwa wa kinga, na kuvipima kwanza si kumdharau mgonjwa.

Wapo pia wengi ambao mwisho wa uchunguzi hawana uvimbe wowote na wana maumivu ya mwili mzima kwa sababu mfumo wao wa fahamu umeongeza ukali wa ishara za maumivu. Hao nao wana ugonjwa wa kweli, wenye matibabu yake, na steroidi zingewaharibu bure. Wanachofanana na wale wa miastenia ya 1986 ni kuambiwa kwamba wana wasiwasi tu. Katika magonjwa ya kinga, wagonjwa karibu wanane katika kila kumi ni wanawake. Kwa lupasi ni tisa. Sitaki kuzunguka: neno "wasiwasi" huwafikia wanawake upesi kuliko wanaume, na huandikwa kwenye faili mahali ambapo panapaswa kuandikwa "bado sijajua."

Na hilo "bado sijajua" lina namna yake ya kuandikwa vizuri. Tiba ina jina halali kwa mgonjwa mwenye dalili za ugonjwa wa tishu unganishi ambazo hazijatimia kuitwa lupasi wala kingine. Baadhi yao hubaki hivyo kwa miaka bila kuzidi. Wengine ugonjwa hujipambanua baadaye, mara nyingi ndani ya miaka michache ya mwanzo. Ninachokitaka kwa kila mgonjwa wa namna hii ni faili linalosema nini kinashukiwa na kwa nini, nini kimeondolewa, kipimo gani kifuate ambacho si marudio ya kilekile, tarehe ya kurudi, na dalili zitakazomfanya asisubiri tarehe hiyo: mkojo wenye povu au damu, pumzi kukata, kushindwa kumeza, jicho kupoteza nuru, homa isiyoelezeka. Mgonjwa naye ana mchango ambao maabara haina: picha za kidole siku kimevimba na za upele kabla haujafutika, dakika ngapi hupita asubuhi kabla ya mikono kukubali kazi, nani katika ukoo ana soriasisi au tezi. Uvimbe una tabia ya kutoweka siku ya kliniki, na picha nzuri ya simu imeshawasaidia madaktari wengi kuona walichokuwa wakisimuliwa.

Wanaosema daktari hawezi kutenda bila uthibitisho nawaomba wautazame ugonjwa wa ateri za kichwani unaowapata watu waliovuka miaka 50. Kichwa kinauma upya, ngozi ya kichwa haiguswi, taya inauma wakati wa kutafuna. Hauna kingamwili ya kupima. Hata kinyama kutoka kwenye ateri ya panja, kati ya jicho na sikio, kinaweza kuukosa, kwa sababu uvimbe huruka sehemu na sehemu. Lakini kwa kuwa mtu anaweza kupofuka ndani ya siku chache, daktari akiushuku kwa nguvu huanzisha steroidi siku hiyohiyo, kisha uchunguzi unaendelea huku dawa ikifanya kazi. Hakuna anayemwita mzembe. Amepima hasara ya kusubiri dhidi ya hasara ya kukosea, akaamua.

Kwa viungo kasi ni ndogo kuliko ya jicho, lakini saa inakwenda. Madaktari wa Ulaya wanashauri mwenye uvimbe wa viungo aonwe na bingwa ndani ya wiki 6 tangu dalili zianze, na dawa ya kuuzuia ugonjwa ianze ndani ya miezi 3 kwa aliye katika hatari ya ugonjwa kudumu, hata kama hajatimiza vigezo vya jina lolote. Ushauri huo umeandikwa. Unaokosekana ni ujasiri wa kuutumia kwa mtu mwenye damu safi. Yule mwenye viungo 8 na pointi 5 apigwe ultrasaundi ya mikono, ambayo huuona uvimbe ndani ya kiungo kabla mfupa haujalika. Ukiwepo, aandikiwe dhana ya ugonjwa kwa jina, aanzishiwe methotreksati, mojawapo ya dawa hizo za kuuzuia ugonjwa, baada ya vipimo vya ini na maambukizi, na apewe tarehe ya kurudi.